Kuhama nyumba bila kuhangaika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Siku ya kuhama ikivurugika, mara nyingi kosa si la dereva wala la wabebaji. Gari limefika huku sufuria bado ziko jikoni, kitanda hakijafunguliwa na bisibisi imeshafungiwa kwenye boksi lisilojulikana ni lipi. Majibu haya yanafuata kanuni moja: siku yenyewe ibaki kuwa ya kubeba, kupakia na kushusha. Mengine yote yaishe kabla.

Nianze maandalizi lini?

Kwa nyumba ya vyumba viwili au vitatu, wiki nne zinatosha bila kukimbizana. Wiki ya kwanza usifungashe chochote, punguza. Nguo zisizovaliwa, mtungi uliopasuka, redio iliyokufa: kila usichokihitaji kitakugharimu boksi, nafasi garini na mgongo wa mtu. Wiki mbili kabla, fungasha vile ambavyo hutavigusa hadi uhame: vitabu, vyombo vya wageni, mapambo, mashuka ya ziada. Wiki ya mwisho ingia jikoni na vyumba vya kulala. Siku moja kabla yabaki magodoro, vifaa vya kuogea na mzigo wa usiku wa kwanza.

Watu wengi hulidharau jiko kwa sababu ni chumba kidogo. Lina vitu vingi vidogo, vizito na vya kuvunjika, kwa hiyo hula muda kuliko chumba cha kulala chenye kabati kubwa. Litengee siku nzima.

Nitajuaje ukubwa wa gari ninalohitaji?

Usiulize gari ni la tani ngapi. Vyombo vya nyumbani hujaza nafasi kabla ya kufikisha uzito, hivyo kinachotakiwa ni mita za ujazo. Pima urefu, upana na kimo cha kila kitu kikubwa kwa mita, kisha zidisha. Friji ya 0.6 × 0.65 × 1.7 ni kama mita za ujazo 0.66. Kochi la watu watatu la 2 × 0.9 × 0.9 ni 1.6 hivi. Boksi la sm 45 × 45 × 40 ni 0.08, kwa hiyo maboksi 12 yanakaribia mita moja ya ujazo.

Jumlisha vyote, kisha ongeza robo, maana vitu havishikani bila mianya. Ukipata 12, tafuta gari lenye nafasi ya 15. Kwenye pikapu au lori la wazi, hesabu kimo hadi pale mzigo unapoweza kufungwa kamba ukatulia, si hadi pale unapoweza kurundikwa.

Nikubaliane nini na wenye gari?

Andikeni, hata kama ni kwa ujumbe wa simu: saa ya kufika, idadi ya wabebaji, ngazi ni za ghorofa ngapi kila upande, umbali kutoka mlangoni hadi gari linapoweza kusimama, nani anafungua na kuunga vitanda, gharama ya kusubiri, na nani analipa kitu kikivunjika. Watumie picha za vitu vikubwa. Uliza waziwazi kuhusu maboksi uliyofungasha mwenyewe, kwa sababu wasafirishaji wengi hawafidii kilichovunjikia ndani yake.

Ugomvi mwingi wa siku hiyo unaanzia kwenye ule umbali wa kubeba. Nyumba iliyo ndani ya uchochoro wa mita 80 si sawa na nyumba ambayo gari linarudi nyuma hadi kibarazani, na mbebaji ana haki ya kujua mapema.

Maboksi yawe ya namna gani?

Kitu kizito, boksi dogo. Kitu chepesi, boksi kubwa. Vitabu vikijazwa kwenye boksi kubwa, litapasuka kitako au halitabebeka. Usizidishe kilo 15 hadi 20 kwa boksi moja. Kama huwezi kuliinua wewe bila kukunja uso, punguza.

Kitako kifungwe kwa selotepu pana ya sm 5: pitisha mistari miwili au mitatu kwenye mshono wa katikati, kisha mmoja kila ukingo. Kukunja vifuniko kwa kuvipishanisha bila selotepu kunatosha kwa mito, si kwa vyombo. Boksi lijae hadi juu, maana lililobaki na uwazi hubonyea likiwekewa jingine. Yaliyotumika yanafaa yakiwa makavu na pembe zake bado ngumu. Yaliyowahi kulowa yaache, hata kama yanaonekana mazima.

Sahani na glasi nizifungashe vipi zisivunjike?

Sahani zisimamishwe kwa ukingo, kama zinavyokaa kwenye kichanja cha kukaushia. Zikilazwa moja juu ya nyingine, kila mshtuko wa gari unaibebesha ya chini uzito wa zote. Zikisimama, kila moja inabeba uzito wake.

Anza na karatasi zilizofinyangwa chini ya boksi, unene wa sm 5 hivi. Zungushia kila sahani karatasi yake, kisha funga tatu au nne pamoja kwa karatasi nyingine ya nje. Zipange zikiwa zimebanana, jaza mianya ya pembeni, na juu weka tena sm 5 za karatasi. Glasi na vikombe vijazwe karatasi ndani kwanza, vizungushiwe nje, vikae wima kwenye safu ya juu. Mikono ya vikombe isigusane. Ukimaliza, litikise boksi taratibu. Ukisikia mlio, lifungue uongeze karatasi. Mlio huo ndio utakaokuwa vigae mwisho wa safari.

Wino wa magazeti huchafua vyombo, kwa hiyo karatasi nyeupe iguse chombo na gazeti likae nje. Taulo, fulana na soksi zinafanya kazi nzuri pia, tena zilikuwa zinasafiri hata hivyo.

Vioo vikubwa na meza za kioo husafiri kwa kusimama, kamwe havilazwi. Msalaba wa selotepu juu ya kioo hauzuii kisivunjike. Kazi yake ni kushikilia vipande visitawanyike.

Alama niandike wapi?

Ubavuni, pande mbili, kwa maka peni nzito. Ukiandika juu, boksi la pili likipanda alama imepotea. Andika chumba linakokwenda, si lilikotoka, na namba: «Jiko 7». Kwenye daftari au simu, andika kilichomo kwa namba hiyo. Jumla ya namba ndiyo utakayoihesabu wakati wa kushusha. Usiandike «dhahabu» au «laptopu» kwenye boksi. Daftari linatosha kujua hilo.

Friji inahitaji nini?

Muda. Izime na uichomoe saa 24 kabla ya safari, toa kila kitu, acha milango wazi na weka matambara chini barafu iyeyuke. Kausha ndani, pamoja na kile kisahani cha nyuma karibu na kompresa kinachokusanya maji. Hicho ndicho husahaulika, kikamwagikia magodoro. Toa shelfu za kioo na droo uzifungashe kando. Mlango ufungwe kwa kamba laini au nailoni ya kuvingirisha, maana selotepu ikibandikwa kwenye rangi kwa siku nzima inaondoka nayo.

Ibebwe wima. Kuiinamisha kidogo kwenye ngazi hakuna shida, ila isipite nyuzi 45. Ndani ya kompresa kuna mafuta ya kulainisha. Friji ikilala, mafuta hayo hutiririka kwenye mabomba ya gesi ya kupoozea. Ukiwasha kabla hayajarudi, kompresa inazunguka kavu na inaweza kuungua. Kwa hiyo friji iliyosafiri wima isubiri saa mbili hadi nne kabla ya kuwashwa. Iliyolazwa isimamishwe angalau kwa muda ule ule iliolala, na kama haijulikani ilikaaje garini, ipe saa 24. Kijitabu chake kikisema tofauti, kifuate.

Na mashine ya kufulia?

Ya mlango wa mbele ina ngoma inayoning'inia kwenye springi. Ilipotoka dukani ilishikiliwa na boliti za usafirishaji, kwa kawaida tatu au nne, zinazoingia kwa nyuma. Zitafute sasa, si siku ya kuhama. Bila boliti hizo ngoma hugonga pande zote njiani, na springi au nguzo zake huharibika. Zikiwa zimepotea, ulizia za modeli hiyo kwa fundi au muuzaji wa vipuri.

Siku moja kabla, funga koki, tenganisha mipira ya maji, kisha fungua kichujio kilicho chini mbele huku umeweka beseni. Hapo hutoka maji ambayo hukujua yamebaki. Ukifika, toa boliti kabla ya kuwasha. Mashine iliyowashwa nazo hutetemeka hadi ikazunguka chumba, na inaweza kuharibika.

Mtungi wa gesi unasafirishwaje?

Funga valvu, tenganisha regyuleta, rudisha kifuniko kama kipo. Mtungi usimame wima, ufungwe usianguke, na uwe kwenye gari la wazi au lenye hewa ya kutosha. Usiuweke ndani ya gari dogo lililofungwa pamoja na abiria, wala kwenye buti. Ukiuunga tena, paka maji ya sabuni kwenye maungio: viputo vikikua, gesi inavuja, funga valvu na usiwashe. Kiberiti si kipimo. Mpira wenye nyufa au uliokakamaa ubadilishe wakati huo huo.

Kabati na vitanda vifunguliwe au vibebwe vizima?

Kitanda kifunguliwe daima. Kabati la mbao ngumu lililounganishwa kwa ulimi na tundu linaweza kubebwa zima likiwa tupu. Lakini kabati la mbao za kubandika, zile zilizoshindiliwa kwa vumbi la mbao na gundi, lifunguliwe. Ukiliburuta, skrubu hung'oka na kuacha tundu linalobomoka, na kabati halisimami sawa tena.

Piga picha kabla ya kulegeza skrubu ya kwanza, hasa maungio na bawaba. Bandika vipande vya selotepu ya karatasi: tendegu la kushoto na ubavu unaoingia hapo vyote viwe «A», vya kulia «B», hivyo hivyo hadi mwisho. Skrubu, boliti na nati za kila samani ziende kwenye mfuko wake, uandikwe jina, na mifuko yote ikae kwenye mkoba mmoja unaoubeba wewe. Kubandika mfuko kwenye ubao wenyewe kunapendwa, ila hudondoka kwa msuguano. Chaga zifungwe kamba pamoja.

Tundu lililolegea lina tiba: jaza vijiti vya meno vilivyopakwa gundi ya mbao, kata vilivyozidi, subiri ikauke, kisha rudisha skrubu.

Kochi halipiti mlangoni. Nifanyeje?

Pima kabla. Upana wa mlango ni nafasi halisi kati ya fremu na ubao wa mlango ukiwa wazi, siyo fremu hadi fremu. Ubao ukibaki kwenye bawaba hula sm 4 hivi. Ng'oa miguu ya kochi na utoe mito. Kisha lisimamishe kwa ubavu, kiegemeo kikielekea upande wa kona, uingize kiegemeo kwanza na ulizungushe polepole kiti kifuate. Likigoma, toa ubao wa mlango kwa kuchomoa pini za bawaba. Likigoma tena, kuna dirisha kubwa, kibaraza, au uamuzi wa kuliuza kabla ya safari. Bora uamuzi huo uufanye na tepu mkononi wiki mbili kabla kuliko watu sita wakiwa wamekwama kwenye ngazi.

Kwenye ngazi, anayekaa chini hubeba uzito mkubwa zaidi. Awe ndiye mwenye nguvu, na anayekaa juu ndiye aongoze kwa sauti.

Televisheni na kompyuta?

Televisheni bapa isimame wima siku zote. Ikilazwa, kioo hubeba mshtuko katikati na kinaweza kupasuka bila hata kuguswa. Boksi lake la asili ndilo bora. Bila hilo, blanketi laini, karatasi ngumu mbele ya kioo, na ikae kati ya magodoro mawili. Nakili mafaili muhimu ya kompyuta mahali pengine kabla. Picha ya nyaya za nyuma itakuokoa dakika nyingi baadaye.

Vitu gani visipande garini kabisa?

Hati za nyumba, vyeti, pasipoti, fedha, vito, dawa za kila siku na funguo vikae kwenye mkoba usioachwa na mtu mmoja wa nyumbani. Mafuta ya taa, petroli na rangi vyenye kifuniko kibovu viache au vimalize. Dawa ya klorini ya kufulia na dawa ya choo yenye asidi zisiwekwe boksi moja: zikimwagika na kuchanganyika hutoa gesi ya klorini, yenye sumu.

Mzigo upangwe vipi ndani ya gari?

Vizito mbele, karibu na kabini: friji, mashine ya kufulia, makabati. Gawa uzito kulia na kushoto. Panga kwa safu kamili, kutoka sakafuni hadi juu, na kila safu uifunge kamba kabla ya kuanza nyingine. Maboksi mazito chini, mepesi juu. Magodoro yasimame ubavuni yakilinda vioo na mbao zilizong'arishwa, yakiwa yamevikwa nailoni. Kamba ipite juu ya blanketi, si moja kwa moja kwenye mbao.

Kinachoingia mwisho ndicho kitashuka kwanza. Mwisho basi ingiza mzigo wa usiku wa kwanza, fagio, na vipande vya vitanda.

Mvua ikinyesha?

Turubai liwepo hata kama mbingu ni safi. Kabla ya kupakia, litandaze juu ya kabini ili lifunike mzigo mara moja, na lifungwe kutoka mbele kwenda nyuma ili upepo usiliinue. Tandika maboksi ya zamani au matambara mlangoni mwa nyumba zote mbili. Sakafu yenye maji na mtu aliyebeba kabati ni ajali inayosubiri tu. Godoro likilowa litandikwe baada ya kukauka kabisa, vinginevyo linaota ukungu.

Watoto na paka?

Wote wawili wawe kwingine wakati mlango uko wazi. Watoto waende kwa jamaa au jirani, la sivyo mtu mzima mmoja awe na kazi hiyo tu. Paka afungiwe kwenye chumba kilichokwisha kutolewa vitu, mlango uandikwe «usifungue», na asafiri mwisho ndani ya kikapu chenye kifuniko. Nyumba mpya asitoke nje kwa wiki mbili au tatu; akiachiwa mapema hujaribu kurudi kule kwa zamani.

Nyumba ninayoiacha, nimalizane nayo vipi?

Toa taarifa kwa muda uliotajwa kwenye mkataba wako wa pango. Siku ya kutoka, piga picha za kila chumba kikiwa kitupu, zikionyesha kuta, sakafu, masinki na madirisha. Hizo ndizo ushahidi wako wa kudai amana. Piga picha mita za maji na umeme namba zikisomeka. Kama umeme ni wa kulipia kabla, kumbuka uniti hubaki kwenye mita, kwa hiyo siku za mwisho nunua kidogo kidogo. Kabidhi funguo kwa kuhesabu, na mwenye nyumba asaini alichopokea.

Kabla ya kufunga mlango, zunguka mara moja zaidi: nyuma ya milango, juu ya makabati ya ukutani, kamba ya kuanikia, na ndani ya oveni.

Nyumba mpya nikague nini kabla mzigo haujafika?

Maji yatoke kwenye kila koki na choo kivute. Jaribu kila soketi kwa chaja ya simu. Angalia vitasa vyote vinafunga, na badilisha kitasa cha mlango mkubwa. Hujui funguo za zamani zimesambaa kwa nani. Rangi na dawa ya wadudu zipigwe nyumba ikiwa tupu, siku kadhaa kabla. Kunguni hawaishii nyumba ya zamani: kama wapo, mashuka na nguo zinazovumilia moto zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60, zifungwe kwenye mifuko, na chaga zikaguliwe kwenye maungio kabla hazijapanda gari.

Mzigo wa usiku wa kwanza una nini?

Mashuka, taulo, sabuni, karatasi za choo, nguo za siku mbili, dawa, chaja, tochi, balbu mbili, mkasi, bisibisi, spana ya kitanda, selotepu, kufuli, sufuria moja na vikombe vichache. Maji ya kunywa pia.

Tumefika. Nianze na nini?

Mtu mmoja asimame mlangoni na daftari, ahesabu namba zinapoingia na kuelekeza chumba. Kazi yake ni hiyo tu, asibebe. Samani kubwa ziingie kwanza zikae mahali pake pa kudumu, kisha maboksi yapangwe katikati ya chumba, si ukutani, ili kabati na kitanda viweze kuungwa bila kuyahamisha. Ungeni vitanda vyote kabla ya jua kuzama. Jiko lifuate kesho yake.

Usimalizane na wabebaji hadi namba zote zitimie na vitu vikubwa vikaguliwe. Kasoro yoyote ipigwe picha hapo hapo, dereva akiwepo, kisha iandikwe kwenye makubaliano yenu.